Menifoldi mpya ya Corolla 101 kwa throto nne za pikipiki: shajara ya mradi, Malindi

Mwanzo wa Juni: throto zimefika

Throto, yaani milango ya hewa ya injini, zimeshuka leo kwa basi la asubuhi kutoka Nairobi, zimezungushiwa gunia na kufungwa kamba ya katani. Ni za Suzuki GSX-R750 ya 2001: nne kwenye safu moja, injekta zikiwa mahali pake, reli ya mafuta juu na sensa ya throto ubavuni. Zitakwenda kwenye Corolla AE101 ya ami, yenye injini ya 4A-FE ya cc 1587. Ami amekubali kwa sharti moja: vitu vya kiwandani visiguswe na msumeno. Menifoldi ya zamani, yaani mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini, itoke nzima, ifungwe, iwekwe stoo, ili siku akilitaka gari lake kama lilivyokuwa alipate. Wengi hukata menifoldi ya zamani, wakabakisha flenji (sahani yake inayobanwa kwenye injini) na kuchomelea mabomba juu yake. Mimi naanza na sahani tupu ya alumini.

Kwa nini throto nne? Kwenye 4A-FE ya kawaida kuna mlango mmoja wa hewa, halafu chemba, halafu mabomba manne. Ukikanyaga mafuta, hewa huijaza chemba kwanza ndipo silinda zipate. Kila silinda ikiwa na throto yake karibu na vali, injini huitikia papo hapo. Nguvu zenyewe hazitapanda sana bila kubadilisha kemshafti (shafti inayofungua vali), na sitaki mtu asome hapa akadhani kuna farasi 50 za bure. Ninachokifuata ni kule kuitikia kwa injini, pamoja na sauti yake inapovuta hewa.

Hesabu niliifanya kabla sijatuma pesa. Nilianza na throto za GSX-R600, ndugu yake mdogo: silinda moja ni cc 150, na injini yake nimeikadiria mizunguko 13,000 kwa dakika. Silinda moja ya 4A-FE ni cc 397, na kikomo nitakachoiwekea ni 6,500. Ukizidisha ili kulinganisha hewa inayovutwa, pikipiki ya 600 inakupa 1,950,000 na Corolla inataka takriban 2,580,000. Throto za 600 zingeikaba. Za 750 zina silinda ya cc 187, na kwa mizunguko 12,500 unafika kama 2,340,000. Pengo limebaki asilimia 10 hivi. Kwa upande wa injekta sina wasiwasi, maana GSX-R750 hutoa zaidi ya farasi 130 kwa injekta hizi hizi nne, na 4A-FE haifiki huko. Presha ya mafuta nayo inakaribiana, kama baa 3.

Jioni nimetoa vile vipepeo vya juu. GSX-R za miaka hiyo zina vipepeo viwili kwenye kila throto: cha chini kinavutwa na kebo ya dereva, cha juu kinazungushwa na mota ya kompyuta ya pikipiki. Kwenye gari, cha juu hakina kazi. Skrubu zake zimepondwa ncha ili zisilegee, kwa hivyo unasaga ile ncha kwanza kabla ya kufungua, la sivyo unaharibu uzi na shafti pamoja. Matundu ya shafti nimeyaziba kwa vipande vya alumini nilivyokerezewa. Yako juu ya kipepeo kikuu, hayawezi kuharibu vakyumu (mvuto wa hewa wa injini), lakini yangeingiza vumbi lisilochujwa, na kwa mchanga wa Malindi hilo halivumiliki.

Wiki iliyofuata: vipimo

Silinda za 4A zimepangwa kwa milimita 87.5 kutoka kitovu hadi kitovu. Throto za pikipiki ziko karibu zaidi, na sababu iko wazi: GSX-R750 ina boa (kipenyo cha silinda) ya milimita 72, 4A-FE ina 81. Hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuzitenganisha throto, kurefusha shafti na reli ya mafuta, ili kila moja ikabiliane na tundu lake. Ya pili ni kuziacha kama zilivyo na kuyapinda mabomba ya nje kuelekea ndani.

Nimechagua kuzitenganisha. Mabomba yakipindwa, la kwanza na la nne yanakuwa marefu kuliko ya katikati, na kona zake zinatofautiana. Tofauti ya milimita chache si kitu kwa macho, lakini menifoldi hii nataka kila silinda ivute hewa sawa na jirani yake. Hilo ndilo lengo la kazi nzima, na kila uamuzi nitaupima kwa hilo.

Urefu wa njia ya hewa umenishughulisha zaidi. Vali ikifunguka na pistoni ikavuta, wimbi la mvuto hupanda njia mpaka mdomoni, likifika kwenye hewa wazi hugeuka kuwa wimbi la msukumo na kurudi. Likirudi kabla vali haijafungwa, linaisukumia silinda hewa ya ziada. Kwa joto letu la nyuzi 30 na kidogo, sauti husafiri takriban mita 350 kwa sekunde. Njia ya milimita 350 kutoka valini hadi mdomoni ni mwendo wa milimita 700 kwenda na kurudi, yaani milisekunde 2. Kwenye mizunguko 6,000, krenki huwa imezunguka nyuzi 72 katika muda huo, na hapo ndipo ninapotaka wimbi lifike.

Lakini 4A-FE kwenye Corolla hii inavutia hewa upande wa nyuma, unaotazama ukuta wa kabini. Nikinyoosha mabomba moja kwa moja napata milimita 300 tu. Kwa nyuzi zile zile 72, urefu huo unataka mizunguko 7,000, na mimi kikomo changu ni 6,500: faida ingeangukia mahali injini haifiki. Basi mabomba yatapinda kwenda juu, tarumbeta za hewa zitazame boneti, na hapo napata 330. Hiyo inashuka hadi kama 6,360. Imeingia ndani ya kikomo, nimeridhika.

Katikati ya Juni: kukata flenji

Fundi wa boti ninayefanya naye kazi ana kipande kizuri cha sahani ya alumini 5083, ile ya mashua, kimebaki kwenye kazi yake. Alinipa bure. Nimemshukuru na nikakiacha. Alumini hiyo ina magniziamu nyingi, na ikikaa kwenye joto la juu ya nyuzi 65 kwa muda mrefu hupoteza uwezo wa kuvumilia chumvi, hupasuka taratibu. Hedi ya injini, kichwa chake ambapo menifoldi hufungwa, hukaa karibu na nyuzi 90, na sisi tuko pwani. Nimenunua 6061 ya milimita 12 kwa wauza vyuma Mombasa. Fundi alisikiliza sababu, akatikisa kichwa kukubali, kipande chake akakirudisha chini ya meza.

Kiolezo ni gasketi mpya ya menifoldi. Niliibandika kwenye sahani, nikapuliza rangi nyeusi, nikaibandua: matundu yote na mashimo ya stadi (bolti za kuifungia) yakabaki wazi. Matundu ya hewa nimeyaanza kwa msumeno wa duara kwenye drili, nikamaliza kwa tupa. Kwa anayefanya hivi mara ya kwanza: alumini hujaa kwenye meno ya tupa na baada ya muda tupa inateleza tu. Paka tupa chaki ya shule kabla ya kuanza, na uipake tena kila ukiona inang'aa. Kwenye drili na msumeno tumia mafuta ya taa kidogo kidogo. Kazi inakuwa safi na hata mlio unabadilika.

Matundu ya flenji nimeyaacha madogo kidogo kuliko ya gasketi. Yatafikishwa kipimo baada ya kuchomelea, mabomba yakiwa tayari mahali pake.

Mabomba

Nimetumia bomba la kona la 6061 lenye kipenyo cha ndani cha milimita 42, karibu sawa na mdomo wa kutokea wa throto. Shida ni kwamba tundu la hedi si la duara, limelala kama yai. Bomba linabidi lianze duara juu na limalizie bapa chini.

Tulichonga kabari ya mvule, tukalipasha moto bomba kidogo, tukalibana kwenye jiriwa pole pole huku kabari ikiwa ndani. Hapa kuna jambo la kuhesabu. Ukibinya bomba, mzingo wake haubadiliki, lakini eneo la ndani hupungua. Duara la milimita 42 lina mzingo wa 132 na eneo la milimita mraba 1,385. Likibinywa hadi kimo cha 32, upana unakuwa kama 47.7 na eneo linashuka hadi 1,307 hivi, upungufu wa karibu asilimia 6. Kupungua kidogo kuelekea valini ni kuzuri, hewa huongeza kasi. Kubaya ni bomba moja kupungua asilimia 6 na jingine 12. Kwa hiyo kila bomba limepimwa kwa kalipa sehemu ile ile, na lililozidi lilirudishwa kwenye kabari.

Mwisho wa Juni: kuchomelea

Nilifika karakana ya fundi mchana, vitu vyote vikiwa tayari.

"Shikamoo fundi. Leo tutaweza?"

"Marahaba mwanangu. Kwa upepo huu? Gesi yote itapeperuka kabla haijafika kwenye kazi. Njoo alfajiri."

Anasema kweli. Alumini huchomelewa kwa tigi, mashine ya mwale wa umeme, na gesi ya agoni ndiyo inayoikinga alumini iliyoyeyuka isiguswe na hewa. Karakana yake ni ya makuti, imefunguka pande tatu, na kusi la mwezi huu likishapata nguvu linapita ndani. Agoni ikipeperushwa, mshono unajaa vitundu kama mkate, na mshono wenye vitundu kwenye menifoldi ni hasara tupu. Mapema kabla jua halijapanda, upepo huwa umelala. Ndiyo saa zake za kazi za alumini miezi hii yote.

Usafi ndio nusu ya kazi yenyewe. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, lakini ngozi ya oksidi iliyo juu yake huhitaji zaidi ya nyuzi 2,000. Usipoiondoa, alumini ya ndani inakimbia kabla ngozi haijavunjika. Fundi ana brashi ya waya wa stenlesi isiyogusa chuma kingine chochote, na baada ya brashi tunafuta kwa asitoni. Naomba hili lisomwe kwa makini: usisafishe kwa dawa ya kupuliza ya breki yenye klorini halafu ukachomelea. Mwale wa umeme huigeuza kuwa fosjini, gesi inayoua mapafu, na dalili zinaweza kuchelewa kwa saa nyingi. Asitoni, iache ikauke kabisa, basi.

Flenji ilifungwa kwa bolti kwenye sahani nene ya chuma kabla ya mshono wa kwanza, ili joto lisiipinde. Throto zenyewe zilifungwa kwenye ubao wa kuongozea, kila mdomo mahali pake, mabomba yakashikwa kwa nukta ndogo ndogo. Halafu ubao ukatolewa. Rodi ya kuchomelea ni alumini 4043, inavumilia joto la injini. Fundi hakumaliza bomba moja kabla ya kuhamia jingine. Alichomelea robo kwenye la kwanza, akaruka la tatu, akarudi la pili, akaenda la nne, akasubiri. Mkono wake haukutikisika hata mara moja. Nilimshikia taa na nikanyamaza, maana kazi ile inataka utulivu. Stima ilipotea katikati, tukangoja, na iliporudi upepo ulikuwa umeshaamka. Tulimalizia asubuhi ya pili.

Julai: kunyoosha uso

Pamoja na sahani nene, flenji imepinda. Nililaza rula ya chuma juu yake na fila geji (bamba jembamba la kupimia mwanya) ya milimita 0.3 ikapita katikati. Ni kawaida, alumini hujikunja mshono unapopoa. Ningeweza kuipeleka kukwanguliwa kwa mashine Mombasa, lakini kioo kinene na msasa vinatosha kwa kiasi hiki. Unabandika msasa kwenye kioo, unachora mistari ya peni kwenye uso mzima wa flenji, unasugua kwa mkono kwa mwendo wa namba nane. Mistari inayofutika mapema ni miinuko, inayobaki ni mabonde. Unaendelea mpaka mistari yote ifutike pamoja. Sasa fila geji ya 0.05 haiingii popote.

Kisha nikayafikisha matundu kipimo, nikilinganisha na gasketi. Ukingo wa ndani lazima ufuatane na wa hedi. Ngazi yoyote inayotazama mkondo wa hewa inasumbua.

Karai la maji

Kabla ya kuifunga kwenye injini nimeijaribu kwa maji. Kipande cha mpira na ubao vimeziba upande wa flenji, vizibo vimefunga midomo ya juu, na kupitia chuchu (kijibomba) moja ya vakyumu nikaingiza hewa kwa pampu ya baiskeli. Nikaizamisha kwenye karai na kuizungusha polepole, kama wanavyotafuta pancha. Chini ya bomba la tatu, mahali ambapo mkono wa fundi haukuweza kuona vizuri, viputo vidogo vilitoka mfululizo kutoka kwenye tundu lisilozidi ncha ya sindano.

Tundu hilo moja lingenihangaisha wiki nyingi. Silinda ya tatu ingevuta hewa isiyopita kwenye throto, mchanganyiko wa petroli na hewa ungekuwa mkavu (hewa imezidi) kwake peke yake, na mimi ningekuwa nikibadilisha injekta na plagi. Fundi alisaga pale, akasafisha, akapita tena. Karai likanyamaza.

Kufunga

Throto zinashika menifoldi kupitia mipira yake ya asili ya Suzuki. Nilishauriwa nitumie mpira wa silikoni kwa kuwa unapatikana kirahisi na rangi zake zinavutia, lakini injekta ziko kwenye throto, kwa hiyo petroli inapita ndani ya kiungo, na silikoni ya kawaida huvimba kwa petroli. Mipira ya pikipiki iliundwa kwa kazi hii.

Throto nne na reli yake si nyepesi, na alumini ya 6061 hupoteza nguvu nyingi pale iliposhonwa. Nimeweka mkono wa chuma kutoka chini ya throto hadi kwenye bloku, ili uzito usining'inie kwenye mishono.

Kila bomba lina chuchu ya vakyumu, na mipira minne myembamba inakutana kwenye kikopo kidogo. Kutoka hapo mpira mnene, wenye vali ya njia moja, unakwenda kwenye buta ya breki, inayotumia mvuto huo kuusaidia mguu. Hii si ya kurukwa: ukiunganisha buta kwenye bomba moja tu, unapata mvuto wa vipande vipande na silinda hiyo inaharibika hesabu. Nilijaribu breki gari likiwa limesimama, injini ikiwaka, halafu injini ikizimwa, kanyagio baada ya kanyagio, kabla gari halijatoka uani.

Kompyuta ya kiwandani ya 4A-FE hupima presha ya menifoldi ili kujua mafuta kiasi gani. Kwa throto nne, presha hiyo hurukaruka, na ukifungua throto kidogo tu inakaribia ya hewa ya nje, kwa hiyo haisemi kitu cha maana. Nimeweka kompyuta ya Speeduino, inayojengwa juu ya Arduino Mega 2560, na inasoma pembe ya throto pamoja na mizunguko ya injini. Sensa ya throto ya pikipiki ni ya nyaya tatu na volti 5, imeungwa bila shida. Ya kompyuta nitayaandika siku nyingine, ni marefu.

Kusawazisha

Injini imewaka. Ilinguruma vibaya mwanzoni, jambo nililolitarajia, maana throto zimetenganishwa na kuunganishwa upya na kila kipepeo kimekaa kwa pembe yake.

Kipimo changu ni mpira mweupe unaoonyesha ndani, umepinda kama U na kupigiliwa kwenye ubao, ukitiwa oili ya injini za mipigo miwili. Ncha moja kwenye silinda ya kwanza, nyingine kwenye ya pili. Silinda inayovuta zaidi huinua oili upande wake. Unageuza skrubu ya kusawazisha mpaka pande zote zisimame kimo kimoja. Nilichagua oili hiyo kwa sababu ikivutwa ndani inaungua bila madhara. Ya kwanza na ya pili, ya tatu na ya nne, halafu jozi kwa jozi. Kila nikigusa skrubu nilingoja oili itulie kabla ya kuamua.

Oili iliposimama sawa, mngurumo ulibadilika wenyewe. Sasa injini inakaa kwenye mizunguko 900 bila kukanyagwa, na mtetemo kwenye usukani umeondoka. Ami alikaa kiti cha dereva, akakanyaga mara moja, akaniangalia, akakanyaga tena.

Kilichobaki ni kisanduku cha hewa na chujio la sponji. Bila hilo gari haliendi popote, kwa vumbi la njia za Barani na chumvi ya upepo. Baada ya hapo ni kuupanga mchanganyiko barabarani kwa sensa ya oksijeni, upande wa Mambrui, asubuhi ambapo hakuna magari mengi. Boneti nayo itahitaji nafasi zaidi: tarumbeta ya nne iko karibu mno na ubavu wake wa ndani, na injini inapotikisika inagusa. Nimeweka alama ya chaki pale inapogusa, ndipo nitakapoanzia kukata utepe wa ndani, kwa ruhusa ya ami.